Mstari Nilioukata

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Miaka thelathini na moja ya kuandika ubaoni katika shule za msingi, kwanza Ajia nilikozaliwa, kisha Koboko nilikoolewa, imenipa herufi zinazosomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Kanisani kwetu Koboko kila kitu cha kuandikwa huletwa kwangu: majina ya wabatizwa, zamu za kufagia, onyo la kutofunga mbuzi kwenye nguzo ya kengele. Kwa hiyo mchungaji wetu aliporudi kutoka kongamano la Kampala na desturi mpya, sikuhitaji kuuliza kazi hiyo angepewa nani.

Desturi yenyewe huitwa neno la mwaka. Jumapili ya kwanza ya Januari kila mshiriki anatia mkono ndani ya kikapu, anatoa kikaratasi kilichoandikwa mstari wa Maandiko, na mstari huo unakuwa wake mpaka Desemba. Anausoma kwa sauti mbele ya wote, asiyejua kusoma anasomewa, watu wanapiga makofi, anarudi kukaa. Mchungaji ni kijana mpole ambaye ningeweza kumfundisha darasa la tatu. Aliniletea daftari mbili tupu na maagizo. Nichague mistari mizuri tu: baraka, ulinzi, milango kufunguka, maadui kushindwa. Nisiweke makaripio, nisiweke orodha za vizazi, nisiweke yale manabii waliyosema wakiwa na hasira. Nilimuuliza sasa kitabaki nini. Akacheka, akasema Mama, watu wamechoka, wanahitaji kutiwa moyo.

Watu wamechoka. Hiyo ndiyo sentensi iliyoua somo letu la Jumatano. Niliongoza somo hilo kwa miaka minane. Tulikuwa tukisoma kitabu kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, polepole, na mtu akiwa na swali tunasimama hapo hapo. Kitabu kimoja kilituchukua tangu kupanda mahindi mpaka kuyavuna, na hakuna aliyelalamika. Kisha kwaya ikataka siku ya Jumatano kwa mazoezi, kamati ya mabati ya paa jipya ikataka saa iliyobaki, nami nikabaki na wanawake wanne na mzee mmoja anayesinzia. Sikufukuzwa. Niliambiwa tupumzike kidogo, na mapumziko hayo hayajaisha.

Ningekataa kuandika vile vikaratasi. Hilo nimejiambia mara nyingi. Lakini nilikuwa na hasira na kanisa, na mtu mwenye hasira wakati mwingine hufanya kazi aliyopewa kwa makusudi, ili baadaye aseme mliona. Nikakaa mezani siku tatu. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani mstaafu, alinikopesha mkasi wake mkubwa akaniomba nisiuharibu kwa karatasi. Kila kipande kilikuwa na upana wa vidole viwili, kwa sababu daftari zilikuwa mbili tu na washiriki wengi. Mstari mfupi ulienea. Mstari mrefu niliukata, mwanzo au mwisho, palipokatika kirahisi. Nilikuwa najua ninachofanya. Kama mwanafunzi wangu angenikatia sentensi namna ile ningemrudishia daftari.

Ile Jumapili ilikuwa sherehe. Mzee mmoja mjane, meno yamebaki matatu, alipata neno la mke atakayezaa sana, na tangu siku hiyo akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Kiongozi wa kwaya alipata neno la maadui kuwekwa chini ya miguu, akageuka akawatazama sauti ya pili mmoja mmoja. Kijana wa sekondari aliyepata neno la mlango ambao hakuna awezaye kuufunga aliacha kusoma kabisa, akisema mtihani umeshamalizwa mbinguni. Wiki hiyo hiyo duka la kurudufu karatasi karibu na soko lilijaa watu wanaotaka maneno yao yatiwe plastiki. Mwandiko wangu ulikuwa umebandikwa kwenye pikipiki, kwenye milango ya vibanda, kwenye migongo ya simu. Nilikuwa nikienda kununua nyanya nakutana nao, na kila mara nilitamani kuubandua.

Jirani yangu alikuwa na mstari wake nyuma ya simu. Huyu ni mama kutoka Sudan Kusini, upande wa Yei, aliyevuka mpaka akiwa mjamzito miaka kadhaa iliyopita. Ana watoto wanne: kijana wa miaka kumi na mitatu, wasichana wawili wa tisa na saba, na mdogo ambaye alimzaa hapa. Mumewe alifia njiani kwa ugonjwa. Anapanga chumba nyuma ya ua wetu, na riziki yake ni karanga za kusaga na simsim, yaani ufuta, anazouza sokoni kwenye makopo. Ni mtu wa maneno machache, mkaidi kwa namna ya watu wapole. Hajui kusoma. Kiswahili chake ni cha soko la Koboko, na ndicho tunachozungumza, kwa sababu Kikakwa chake mimi nakifuata nusu tu.

Mwishoni mwa Februari aliniletea kopo la karanga za kusaga, lile kubwa, akasema ni la kuaga. Nikauliza anaaga kwenda wapi.

"Mama Mwalimu, neno yangu imeshasema," aliniambia. "Mimi narudi kwetu na watoto, Jumatatu, kabla mvua haijaanza."

Nilijua kilichokuwa kinamvuta: shamba la mumewe, ambalo shemeji yake ameanza kulilima kama lake, na ujumbe aliotumiwa kwamba asipoonekana msimu huu wa kupanda asijisumbue tena. Nilijua pia habari za barabara ile ya Yei na watu wenye bunduki wanaoivizia, kwa sababu sote tunazijua. Majirani zetu watatu walirudi mwaka uliopita. Wawili hatujawasikia, wa tatu alirudi mbio bila viatu, na mpaka leo akisikia pikipiki inazimwa ghafla anasimama. Mama huyu alikuwa amekataa kurudi mara zote. Shemeji alipoita, alikataa. Ndugu zake walipoita, alikataa. Sasa alikuwa anakubali kwa sababu ya kipande cha karatasi cha vidole viwili.

Nikamwomba simu yake, nikageuza nyuma. Ulikuwa mwandiko wangu, safi kabisa. Karatasi ilimwambia arudi kwenye nchi ya baba zake na kwa jamaa zake, na kwamba Mungu atakuwa pamoja naye. Nikaukumbuka mstari huo mara moja. Ni maneno aliyoambiwa yule pacha mdogo aliyemdanganya baba yake kipofu akakimbilia kwa mjomba. Mwanzo wake, pale panaposema nani aliambiwa, ulikuwa umelala sakafuni kwangu pamoja na vipande vingine, ukafagiliwa. Haukuenea.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kama darasani. Nilisema maneno haya aliambiwa mtu mwingine, zamani, kwa shida zake. Nilisema karatasi hii niliiandika mimi, nikaikata mimi, kwa mkasi wa mzee wangu, na ningekata kidogo zaidi ingesema jambo lingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Sasa wakati wewe nakata, Mungu iko wapi? Iko inje nangoja?"

Sijawahi kuulizwa swali kama hilo na mtu ambaye hajui kusoma, na nakiri kwamba liliniudhi kuliko lilivyopaswa.

Nikaona huyu hatanisikia mimi, atamsikia mchungaji. Mchungaji alikuwa Arua wiki nzima kwenye mkutano wa viongozi wa makanisa. Kesho yake, Jumatano, nikapanda gari la asubuhi, nikashuka mjini, nikapanda kwa miguu mpaka Arua Hill, kwenye ile nyumba ya zamani yenye varanda ndefu walikokuwa wanakutana. Nilisubiri kuanzia saa nne hadi chakula cha mchana. Kupitia dirishani nilisikia wakijadili rangi ya sare za akina mama kwa muda mrefu sana. Kama kuna aliyefungua Maandiko asubuhi ile, alifungua kimya kimya.

Mchungaji alitoka na sahani ya wali, akanipisha kiti chake, akanisikiliza. Nasema ukweli wake: alisikitika. Akasema naye anaiogopa barabara ile. Nikasema basi uje umwambie kwamba karatasi si amri. Akaanza kukoroga wali na kijiko.

"Mama, nikisema karatasi yake si sauti ya Mungu, wale wengine wote nitawaambia nini?"

"Waambie wasome sura nzima."

"Watu hawana muda wa sura nzima."

Nikamkumbusha kwamba Jumapili iliyopita watu hao hao walikuwa na muda wa mnada wa jogoo mmoja aliyetolewa sadaka, aliyepandishwa bei na kurudishwa kikapuni na kupandishwa tena mpaka jua likatuhama. Nilisema zaidi ya hapo. Nilisema tumewapa watu makombo halafu tunashangaa kwamba hawajui ladha ya chakula. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na wenzake walikuwa wanatazama. Yeye alizidi kuwa mpole, na upole wake ulinichosha kama kusukuma mlango uliolegea bawaba. Mwisho akasema hawezi kumzuia mtu, lakini Jumapili atamwombea mbele ya kanisa na kumwekea mikono, asafiri Jumatatu akiwa amebarikiwa. Alifikiri ananisaidia.

Nilirudi Koboko nikiwa na siku tatu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Njiani niliamua kufanya jambo moja tu ninalolijua. Ningemsomea sura zote, kutoka pacha walipogombana tumboni mpaka walipokutana tena, bila kuruka kitu. Sikuwa na nia safi. Nilijua ndani ya habari ile kuna wanaume mia nne wanaokuja njiani, na nilikuwa nawategemea wale wanaume mia nne wamtie woga.

Alhamisi alasiri nikabeba kigoda changu mpaka nyuma ya ua. Alikuwa anasaga karanga juu ya jiwe, amepiga magoti, na hakusimama. Nikasoma. Alikuwa msikilizaji mgumu, wa aina ambayo sikuwa nimeipata tangu Jumatano zetu zife. Mama wa pacha alipopanga hila ya kumdanganya baba, alisimamisha jiwe akasema huyo mama ni mubaya, halafu akasaga kidogo akasema lakini alikuwa anajua mtoto gani atabaki na yeye. Mjomba alipombadilishia kijana mshahara mara kumi, alicheka kwa mara ya kwanza, akasema mjomba huyo anamjua, ana duka la jumla hapa hapa sokoni. Wasichana wake wawili walikuwa wanapepeta simsim karibu yetu. Yule wa miaka tisa alitaka kujua kwa nini dada mwenye macho dhaifu alipewa mume kwa kificho, nami nikasema tutafika. Ijumaa mama wawili wapangaji wenzake walikuja na viti vyao. Sikuwaalika.

Jumamosi tulifika pale nilipopataka. Tulisoma ule mstari wake, mzima, na jina la aliyeambiwa. Nikausoma mara mbili, nikamwangalia. Akatikisa kichwa tu kwamba amesikia. Nikaendelea. Yule bwana akaondoka na wake zake na watoto na wanyama. Akatuma watu mbele, nao wakarudi na habari kwamba kaka yake aliyeapa kumuua anakuja na wanaume mia nne. Nikasoma kwamba aliogopa sana. Hapo nikafunga kitabu juu ya kidole changu, nikamwambia, unaona. Huyu aliambiwa na Mungu mwenyewe, si kwa kikapu, na bado alitetemeka.

"Alipoogopa, alirudi kwa mjomba?"

"Hapana."

"Alienda."

"Alienda," nilisema, na nilijisikia kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe.

"Soma, Mama Mwalimu. Alifanya nini?"

Ningependa kusema nilisita. Lakini mwalimu akiambiwa soma, husoma. Nikamsomea jinsi alivyowagawa watu wake wawe makundi mawili, akiwaza kwamba kaka akilipiga kundi moja, lile lililobaki litaokoka. Akaacha kusaga. Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akauliza kama yule bwana alikuwa ameomba kabla ya kugawa au baada, nikamwambia aligawa kwanza, kisha akaomba. Alikaa juu ya visigino vyake muda mrefu, mikono imejaa karanga. Kisha tukamaliza habari yote, zawadi za wanyama, mto, mtu aliyepigana naye mpaka alfajiri, kuchechemea, na kaka aliyekuja mbio akamkumbatia. Mama mmoja wa wapangaji alifuta macho. Yeye hakufuta. Alinishukuru, akasema sasa amejua. Niliondoka nikifikiri nimeshinda, maana nilimwona amenyamaza, na kwa ujinga wangu nikauchukua ukimya wake kuwa woga. Nilimwambia mume wangu atabaki. Mume wangu akauliza amesema hivyo, nikasema hajasema, lakini nimemwona.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alimwita mbele na watoto wake wanne, wamevaa nguo safi, viatu vimepakwa mafuta. Nilikaa safu ya pili nikingoja aseme amebadilisha nia. Mchungaji akamwomba asome neno lake la mwaka, na kwa kuwa hajui kusoma, atoe simu wamsomee. Akasema simu ameiacha nyumbani, na ile neno ya karatasi ni fupi, ndefu yake ameisikia. Kisha akageukia watu, na kwa ile sauti yake ndogo akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Ile mutu Mungu alimwambia rudi, alikuwa naogopa. Aligawa watu yake mara mbili, ndiyo akaenda. Na mimi nafanya hivyo. Kijana na mtoto mdogo nakwenda na mimi. Hawa wasichana wawili nabaki kwa Mama Mwalimu. Yeye ndiyo alinifundisha."

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mabati. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Mchungaji alinitazama kwa furaha ya kweli, kama vile tulipatana Arua. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nina miaka sitini na mbili, mume wangu ana presha, nyumba yetu ina vyumba viwili na kimoja kimejaa cherehani mbovu. Nilitaka kusimama niseme kwamba sikufundisha hivyo, kwamba nilisoma ili abaki, si ili awakate watoto katikati. Lakini wasichana walikuwa wameshaanza kuja upande wangu. Mkubwa alikuwa amemshika mdogo mkono. Nikasogea, wakakaa.

Usiku ule nilifura kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, mchungaji, kikapu, shemeji mwenye tamaa, na zaidi ya wote yule pacha wa zamani na akili zake nyingi. Mume wangu alisikiliza kwa muda, halafu akaenda kuanza kuhamisha cherehani.

Mama yao aliondoka Jumatatu asubuhi kwa gari la Oraba, kule mpakani, mdogo mgongoni, kijana amebeba jiwe la kusagia ndani ya gunia. Alisema atapiga simu akifika. Huko hakuna mtandao, alikuwa anajua, mimi pia nilikuwa najua. Hakulia, na wasichana hawakulia mpaka gari lilipopinda.

Nimewaandikisha shule. Mchungaji ameshaniuliza kuhusu vikaratasi vya mwaka ujao, nami nimemwambia atafute mwenye mwandiko mwingine. Jumatano wale mama wawili bado wanakuja na viti vyao, pamoja na mmoja niliyedhani ameacha kanisa, na tunasoma. Sitaki kuliita somo. Nikiliita hivyo, kamati ya mabati itataka saa yake.

Mvua zimeanza. Wiki ya tatu sasa, na simu yangu haijalia kutoka upande ule. Juzi jioni tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yule wa miaka tisa. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bibi, ile kundi ya nyuma ilijua namna gani kwamba kundi ya mbele imepona?"

Nikamwambia ngoja. Nikanawa mikono, nikaleta kitabu, nikavaa miwani. Nikasoma sura ile kutoka mwanzo, kisha iliyofuata, kidole chini ya kila mstari, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja. Imeandikwa kuhusu mbuzi wangapi na ngamia wangapi. Imeandikwa mguu ulivyoteguka. Kuhusu habari kurudishwa nyuma hakuna kitu. Alikuwa ameacha maharage ananitazama, na nilimwambia ukweli, kwamba haikuandikwa. Akanisogelea, akaniomba nianze tena, labda nimeruka mahali.